Nyumba imeshapata mnunuzi, lakini mkataba una masharti: je, tuweke ofa?

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Fort Worth, Texas, na tunatafuta nyumba yetu ya kwanza. Hatimaye tumeona moja inayotufaa kabisa, vyumba vinne, karibu na shule ya watoto, dola 340,000. Kabla hatujaandika ofa, tangazo likabadilishwa: sasa linasema nyumba iko chini ya mkataba, ila mkataba wenyewe una masharti. Wakala wetu anasema tuisahau. Kaka yangu aliyeko Houston anasema tupandishe bei tu, mwenye nyumba atamwacha yule wa kwanza. Tuna barua ya benki ya mkopo wa FHA, yaani ule unaowekewa bima na serikali ya shirikisho. Je, tunaruhusiwa kuweka ofa? Tukiweka, tutakuwa tumejifunga? Na itasaidia tukimwandikia mwenye nyumba barua na kumtumia picha ya familia?

Jibu: Dada, mnaruhusiwa. Nyumba iliyo chini ya mkataba bado ni mali ya muuzaji mpaka siku ya makabidhiano. Kanuni za maadili za NAR, chama cha kitaifa cha mawakala wa nyumba, zinamtaka wakala wa muuzaji aendelee kumfikishia mteja wake kila ofa inayokuja mpaka mauzo yakamilike, isipokuwa muuzaji mwenyewe awe ameandika kwamba hataki kuletewa nyingine. Kwa hiyo wakala wenu amekata tamaa mapema. Lakini ushauri wa kaka yako ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mkiufuata mnaweza kujiingiza kwenye kesi, mkamwingiza na mwenye nyumba, na nyumba yenyewe msiipate.

Wengi wakisikia mkataba una masharti hudhani haujakamilika, kwamba pande zote mbili bado zinajifikiria. Sivyo. Ni mkataba kamili uliotiwa sahihi, na umemfunga muuzaji tangu siku hiyo. Masharti yaliyomo karibu yote ni milango ya mnunuzi: yeye ndiye anayeweza kutoka ukaguzi ukimtisha, benki ikimkatalia, au nyumba ikithaminiwa chini ya bei. Muuzaji hana mlango wa kutokea kwa sababu tu amepata mtu wa bei nzuri zaidi. Akimwacha mnunuzi wa kwanza, fomu ya kawaida ya mauzo ya nyumba ya Texas inampa mnunuzi huyo haki ya kuiomba mahakama imlazimishe muuzaji kuuza kama alivyoahidi. Na yule aliyemshawishi muuzaji avunje mkataba naye anaweza kudaiwa fidia, maana sheria ya Texas inamlinda mtu dhidi ya wanaoingilia mkataba wake kwa makusudi. Kuweka ofa ya akiba, yaani ya kungoja nyuma ya mnunuzi wa kwanza iwapo mkataba wake utavunjika, kwa utaratibu unaoeleweka si kuingilia. Kumpigia simu mwenye nyumba na kumwambia "mwache huyo, sisi tutaongeza elfu kumi" ni jambo jingine kabisa. Kila neno lenu lipite kwa wakala wenu kwenda kwa wakala wake, na anayenunua kwanza msimtafute hata kidogo.

Basi kabla ya kufikiria bei, kuna swali moja la kumpa wakala wenu akaulize: ni sharti gani lililobaki, na linaisha lini? Kanuni hizo hizo za NAR zinamtaka wakala wa muuzaji awaeleze mawakala wenzake kwamba kuna ofa iliyokubaliwa na kwamba masharti yake bado hayajatimizwa. Tena mfumo wa matangazo wanaoutumia mawakala wa Dallas na Fort Worth hauweki nyumba hizi zote kwenye kapu moja. Kuna alama ya kipindi cha hiari, kuna alama ya masharti mengine, kuna alama ya mkataba ambao mnunuzi wa kwanza anaweza kutakiwa kupisha, na kuna alama ya mauzo yanayongoja tu tarehe ya kukamilika. Wakala wenu anaziona zote kwenye kompyuta yake. Bei waliyokubaliana hatapewa, na msimlaumu kwa hilo. Texas hata nyumba ikishauzwa sheria hailazimishi bei yake itangazwe.

Kama kilichobaki ni kipindi cha hiari, mna matumaini ya kweli, ila dirisha ni fupi. Hapa Texas mnunuzi hulipa ada, mara nyingi dola mia chache, na kwa ada hiyo anapata siku kadhaa za kuvunja mkataba kwa sababu yoyote au bila sababu. Siku ya mwisho haki hiyo inakoma saa 11 jioni, dakika moja haiongezwi. Ndizo siku za kumpeleka mkaguzi, na ndipo mikataba mingi ya eneo lenu huvunjika. Sababu mnazijua nyinyi mnaoishi huko: udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, hivyo misingi huhama, kuta hupasuka na milango hukataa kufunga, na mvua ya mawe, ambayo huharibu mapaa kiasi kwamba kampuni za bima sasa zinauliza umri wa paa kabla ya kuuliza jambo jingine lolote.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini. Mnunuzi wa kwanza akitoka katika siku hizo, huenda amekuta kitu. Furaha ya kusikia "nyumba imerudi, sasa ni yenu" isiwasahaulishe kuuliza ametoka kwa nini. Sheria ya mali ya Texas, kifungu cha 5.008, inamtaka muuzaji ampe mnunuzi taarifa ya maandishi kuhusu hali ya nyumba kwa kadiri anavyoifahamu. Fomu ya taarifa hiyo inayotumiwa na mawakala wengi inamuuliza pia kama katika miaka 4 iliyopita amepokea ripoti za wakaguzi, na inamtaka aziambatishe. Muuzaji aliyesaini taarifa yake kabla ya mnunuzi wa kwanza kuleta mkaguzi anaweza kuwa na taarifa iliyopitwa na wakati. Ombeni mpya. Ombeni na ripoti yenyewe kama anayo. Halafu mpelekeni mkaguzi wenu hata hivyo, kwa sababu ripoti ya kwanza iliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine, na aliyeiandika hawajibiki kwenu.

Hali ya pili ndiyo inayowapendelea zaidi kuliko zote, na wengi hawaijui. Mnunuzi wa kwanza anaweza kuwa na nyumba yake nyingine ambayo lazima aiuze kwanza ndipo apate fedha za kununua hii. Texas ina nyongeza rasmi ya mkataba kwa ajili hiyo, nayo inafanya kazi hivi: muuzaji akikubali kwa maandishi ofa ya mtu mwingine, anampa mnunuzi wa kwanza notisi. Kuanzia hapo huyo wa kwanza ana siku zilizoandikwa kwenye nyongeza kuamua. Akitaka kubaki, aliondoe sharti lake na aongeze arabuni. Asipofanya hivyo ndani ya siku hizo, mkataba wake unakufa wenyewe na arabuni yake inarudi. Majimbo mengine yana vifungu vya aina hiyo pia, na muda wa kuamua mara nyingi huwa saa 24 hadi 72.

Ona tofauti iliyopo. Katika kipindi cha hiari mnakaa mkingoja uamuzi wa mtu. Katika hali hii ya pili ofa yenu ndiyo inayoanzisha hesabu ya siku. Na mnunuzi wa kwanza anajikuta kwenye njia panda ngumu: akiondoa sharti halafu nyumba yake isiuzike, na kwa sababu hiyo peke yake akashindwa kununua, anahesabiwa kuwa amevunja mkataba. Kuna wanaojitosa, hasa ambao nyumba yao tayari ina mnunuzi. Wengine hupisha. Kama alama ya nyumba mnayoitaka ni hii, msichelewe, wekeni ofa safi, kwa sababu mwingine anaweza kuitia yake kabla yenu.

Kama sharti lililobaki ni la mkopo, matumaini hupungua kila siku inayopita. Mnunuzi wa kawaida amekwisha kuhojiwa na benki kabla ya kuandika ofa, na mikopo mingi iliyofika hatua hiyo hupita. Kinachoweza kukwama ni uthamini kuwa chini ya bei, au jambo limtokee mnunuzi mwenyewe, kama kuachishwa kazi. Masharti mengine, kama nyaraka za chama cha wenye nyumba wa mtaa au dosari kwenye hati miliki, huvunja mikataba michache, na dosari ya hati ikimfukuza wa kwanza itawangoja na nyinyi pale pale. Ikiwa masharti yote yametimizwa na kinachosubiriwa ni tarehe tu, hapo nakubaliana na wakala wenu: endeleeni kutafuta.

Sasa swali lenu la kujifunga. Kwanza, ahadi ya mdomo kwamba "huyu akishindwa tutawaita nyinyi" haina uzito wowote. Mkataba wa ardhi na nyumba usioandikwa hauwezi kudaiwa mahakamani. Mnachohitaji ni mkataba wa akiba uliotiwa sahihi na pande zote mbili. Tume inayosimamia mawakala wa Texas imetoa nyongeza rasmi kwa ajili hiyo, na ningependa muisome wenyewe mstari kwa mstari kabla ya kusaini, maana imeandikwa kwa namna inayomlinda mnunuzi anayeielewa.

Ukisaini, mkataba wa akiba umekufunga tangu siku hiyo. Arabuni na ada ya hiari zinalipwa kwa kampuni ya hati, ile inayoshika fedha mpaka mauzo yakamilike, kama ilivyo kwenye mkataba wowote, kwa kawaida ndani ya siku 3. Mambo mengine yote yanangoja: wa kwanza akiwa bado yupo, hakuna upande unaotakiwa kutekeleza lolote zaidi ya hayo. Mkataba wa kwanza ukivunjika, muuzaji anatakiwa awape taarifa mara moja, na tarehe mnayoipata taarifa hiyo ndiyo inayokuwa tarehe mpya ya kuanza kwa mkataba wenu. Siku za mkopo na nyinginezo zinahesabiwa kuanzia hapo.

Ila kuna kifungu kimoja ambacho ningekipigia mstari mwekundu. Mkiwa mmelipia haki ya hiari, haki hiyo inaanza siku mnayosaini mkataba wa akiba, inaendelea muda wote mnaongoja, na inamalizika tu siku zenu za hiari zitakapokwisha baada ya kupanda nafasi ya kwanza. Maana yake mnaweza kujitoa wakati wowote mkiwa mnangoja, na arabuni yenu ikarudi. Msiache sehemu hiyo ya fomu wazi ili kuokoa dola mia mbili au tatu. Bila haki hiyo mtakuwa mmekaa mkingoja nyumba ya mtu, na ile nyingine nzuri ikitokea wiki ijayo hamna ruhusa ya kuondoka. Ada yenyewe ihesabuni kuwa imekwenda. Fomu inazungumzia kurudishwa kwa arabuni, si kwa ada. Naona ni gharama halali ya kubaki huru.

Jambo la pili ndani ya fomu ni tarehe ya mwisho. Kuna nafasi ya kuandika kwamba mkataba wa kwanza usipovunjika kufikia tarehe fulani, huu wa akiba unakwisha na arabuni inarudi. Fomu inasema pia kwamba kubadilisha mkataba wa kwanza hakuuvunji. Kwa hiyo muuzaji na mnunuzi wake wanaweza kuongezeana wiki mbili, kisha tatu, na nyinyi mnaendelea kukaa pale pale. Ulizeni tarehe yao ya kukamilisha mauzo, ongezeni siku chache tu, mwandike hiyo. Na mkipata nyumba nyingine mkiwa mnangoja, tumeni kwanza barua ya kujitoa kwenye huu wa akiba, ndipo msaini ule mwingine. Kufuata mpangilio huo kinyume ni kuwa na mikataba miwili na mkopo mmoja.

Kuhusu bei. Ofa yenu haina nguvu ya kumwondoa mtu, kwa hiyo hamshindani na bei ya wa kwanza. Mnashindana na watu wengine wanaotaka nafasi ya akiba, na pia na chaguo la muuzaji kurudisha nyumba sokoni na kuanza upya. Huyo muuzaji anachokitaka kutoka kwenu ni uhakika: barua ya benki ya hivi karibuni, arabuni inayoeleweka, tarehe zisizomsumbua. Wanunuzi wengi huweka arabuni ya asilimia 1 hivi. Kwa nyumba yenu ni kama dola 3,400.

Hata hivyo bei yenu inaweza kubadilisha mambo kwa njia ya pembeni, na ni vizuri mjue mnatumikaje. Mnunuzi wa kwanza akirudi na orodha ya matengenezo, muuzaji mwenye mkataba wa akiba mkononi halazimiki kukubali hata kimoja. Kama bei yenu ni nzuri kuliko ya yule, atakataa bila kusita, na yule wa kwanza akikasirika ataondoka. Hiyo ni halali. Lakini inaweza pia kwenda kinyume chenu: mnunuzi wa kwanza akisikia kuna watu nyuma yake, anameza malalamiko yake, anakubali nyumba ilivyo, na mkataba wake unakuwa imara kuliko ulivyokuwa kabla hamjatokea. Ofa za akiba nyingi huishia hapo. Ndiyo maana nasema wekeni ofa, lakini Jumamosi endeleeni kwenda kuona nyumba nyingine.

Msipandishe juu ya thamani mnayoamini, na hasa nyinyi wenye mkopo wa FHA. Mkopo huo unataka malipo ya awali ya asilimia 3.5 tu, na mthamini wake hutazama pia usalama na uimara wa nyumba. Mkataba wa FHA lazima uwe na kifungu kinachosema kwamba nyumba ikithaminiwa chini ya bei, mnunuzi halazimiki kununua na arabuni yake haipotei, inarudi kwake. Kifungu hicho hakiondoleki hata mkitaka. Ni kinga nzuri sana kwenu. Muuzaji naye anakijua, kwa hiyo ofa ya dola 360,000 kwa nyumba ya 340,000 haitamfurahisha kama kaka yako anavyofikiri. Atawaza tu kwamba mthamini ataikata.

Barua na picha, hapana. Najua mnataka mwenye nyumba awaone kama watu, na nia hiyo ni njema. Lakini sheria ya haki ya makazi ya mwaka 1968 inakataza kumbagua mnunuzi kwa rangi, asili ya taifa, dini, jinsia, ulemavu au kwa kuwa na watoto, na picha ya familia inamwekea muuzaji karibu mambo yote hayo mezani kabla hajasoma ofa. Mawakala wengi wenye hekima hukataa hata kuzipokea. Jimbo la Oregon lilifika mbali hadi kutunga sheria ya kuzizuia, ingawa mwaka 2022 mahakama ya shirikisho iliisimamisha. Na kwenu kuna hatari ya wazi zaidi: muuzaji mwenye roho mbaya anayesoma jina lenu peke yake hana uhakika wa chochote, lakini mkimtumia picha mnamwondolea shaka. Acheni ofa iseme.

Mkishasaini, msifunge kiwango cha riba, yaani msiiombe benki iwashikilie riba ya siku hiyo, mpaka mpande nafasi ya kwanza, kwa kuwa kufunga huwa kwa siku 30 hadi 60 na siku hizo zitaliwa na kungoja. Msimlipe mkaguzi kabla ya hapo pia. Barua ya benki ikikaribia miezi miwili, ombeni mpya. Gari jipya, kadi mpya, kuhama kazi, vyote vingoje.

Simu ikija kwamba wa kwanza ametoka, iombeni taarifa hiyo kwa maandishi siku hiyo hiyo na muandike tarehe, kwa sababu ndiyo tarehe yenu mpya. Mpigieni mkaguzi kabla ya kumpigia mtu wa benki. Siku za hiari ni chache na wakaguzi wazuri wana foleni. Mwambieni aangalie msingi na paa kwanza. Wakati huo wakala wenu anauliza, kwa maandishi pia, sababu ya kuvunjika kwa mkataba wa kwanza na ripoti yoyote aliyoiacha mnunuzi yule. Mimi ni wakala, si wakili. Pakitokea mvutano kati ya muuzaji na mnunuzi aliyetoka, au mkisikia arabuni ya yule bado inagombaniwa, tafuteni wakili wa mambo ya nyumba awathibitishie kwamba mkataba wa kwanza umekwisha kweli kabla nyinyi hamjatumia dola nyingine.